Hampa ya Shamba kwa Shosho: Vitu vya Kuweka Kwa Kiondo na vya Kuacha Dukani

Disemba ikikaribia, stage za Nairobi hujaa wasee wanaoelekea ushago na hampa za supamaketi: biskuti, juisi, peremende na karatasi inayometameta. Zikifika nyumbani, shosho anashukuru, anakuombea baraka, halafu wajukuu wanamaliza biskuti siku hiyo hiyo. Na kama daktari alishamkataza sukari, yeye mwenyewe haonji hata moja.

Huyo ndiye mtu anayeamka alfajiri kuangalia managu zake kabla ya chai. Mbona usimpelekee hampa ya shamba? Ila kabla hujatoa doo, shika hii moja: nunua ukifikiria mwili wake na shamba lake, si picha ya kuweka status. Zawadi inayomwongezea mzee kazi si zawadi tena, ni kibarua.

1. Piga simu kwanza

Usimuulize, "Shosh, nikuletee nini?" Jibu unalijua: "Wewe kuja tu, mjukuu wangu." Uliza maswali ya pembeni. Saa hii amepanda nini? Nani humchotea maji? Mgongo na magoti yanasemaje? Kuku za jirani bado zinaingia kwa mboga? Dakika tano za stori zitakuonyesha kama anahitaji jembe, keni ya maji ama ua la kuzuia kuku.

2. Vifaa: vyepesi ni vya maana kuliko vikubwa

Hapa ndipo wengi huchapa. Unaona keni kubwa ya kumwagilia maji, unasema hii ni mpango. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja. Keni ya lita kumi ikijaa ni kilo kumi na zaidi, na shosho wa miaka sabini na kitu ataibeba mara ngapi? Chukua ya lita tano. Kama bajeti inaruhusu, chukua mbili ili abebe moja kila mkono asiinamie upande mmoja.

Jembe pia liwe dogo. Ukinunua kichwa na mpini kando kando, hakikisha fundi amevikaza kabisa kabla ya safari, kwa sababu jembe linalochomoka hewani linaweza kuumiza mtu. Piga mpini msasa usimchome vijiti. Kama vidole vyake vina maumivu ya viungo, zungushia mpini mpira wa tubu kuukuu ya baiskeli. Mpini ukiwa mnene kidogo na usioteleza, hahitaji kuukaza sana.

Ongeza koleo ndogo ya mkono, glavu za saizi yake na gambuti zinazoingia mguu bila vita. Ukiwa Nairobi, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wana keni na koleo za bati, na unaweza kujaribu uzito kwa mkono wako kabla ya kulipa.

Kitu kingine ambacho watu husahau ni cha kukalia. Kigoda kifupi, ama kipande cha godoro kuukuu kilichofungwa kwa nailoni ili apigie magoti, kitamsaidia kuliko kifaa chochote chenye rangi za kuvutia.

3. Mbegu: mpe anachokula

Usimpelekee lettuce kwa sababu uliionea Instagram. Mpe mboga za kwao. Kama ni shosho wa Murang'a, managu na terere. Kama ni dani wa Siaya, osuga, dek na apoth. Kama ni kukhu wa Kakamega, mrenda na mitoo. Kisii bila chinsaga hata usifike. Terere ni nzuri kwa mtu asiye na subira, maana ikipata maji unaweza kuanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne hivi.

Chukua pakiti ndogo, na usome tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Angalia pia kama imeandikwa F1. Hiyo ni mbegu chotara: mavuno yake ya kwanza yanaweza kuwa moto sana, lakini ukiweka mbegu zake upande tena, mimea haitoki sawa na mama yake. Kwa mzee ambaye maisha yake yote amekuwa akiweka mbegu za msimu ujao, hiyo ni habari mbaya. Mwambie mapema au mchukulie aina ya kawaida.

Ukimnunulia mahindi, tafuta stika ya KEPHIS kwenye pakiti. Unaikwangua, unatuma namba iliyofichwa kwa 1393, na unajibiwa kama mbegu ni halali. Fanya hivyo ukiwa bado kwa agroveti, kwa sababu mbegu feki hazikuli doo yako tu, zinamlia shosho msimu mzima.

Na kumbuka kalenda. Sehemu nyingi za Kenya, Januari na Februari ni jua kali, mvua ndefu inaanza Machi. Kwa hivyo weka chupa ya kioo yenye kifuniko ndani ya hampa, ahifadhi mbegu mahali pakavu mpaka mvua ifike.

4. Gunia: shamba lisilohitaji kuinama

Kama mgongo umekataa kabisa, hii ndiyo zawadi yenyewe. Tafuta gunia kubwa lililo imara, mbolea ya mbuzi iliyokauka vizuri, mawe madogo na mkebe uliotolewa chini ukabaki kama bomba.

Simamisha gunia pale litakapokaa siku zote: karibu na jikoni, penye jua, mbali na kuku. Likijaa halihamishiki. Weka mkebe katikati, ujaze mawe. Pande zote jaza udongo uliochanganywa na mbolea. Vuta mkebe juu polepole, mawe yabaki, kisha rudia mpaka gunia lifike kiuno chake. Huo mnara wa mawe ndio unaosambaza maji hadi chini. Toboa matundu madogo pembeni, panda miche ya sukuma au managu, na juu weka dhania.

Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kuongezea. Hata Januari ikiwaka, shosho atachuma mboga akiwa amesimama.

5. Vya kuacha dukani

Dawa ya wadudu usiiweke kwa hampa, hata kama muuzaji anasema ni kali sana. Utaibeba pamoja na majani ya chai na sukari, ikivuja ni noma. Ikifika nyumbani inaweza kuhamishiwa kwa chupa ya soda, na mtoto hajui tofauti. Kama wadudu wanamsumbua, azungumze na afisa wa kilimo aliye karibu.

Pia ruka sanamu za bustani na vyungu vizito vya saruji. Havina mtu wa kuvibeba.

6. Kufunga

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na hata hivyo kuna kitu bora: kiondo. Soko la Kariokor lina viondo vya mkonge vya kila saizi. Vizito viweke chini, mbegu na chupa juu, jembe lifungwe kando na makali yafunikwe kwa kitambaa. Hampa ya supamaketi ikiisha, kikapu kinawekwa juu ya kabati. Kiondo kitaenda shambani.

7. Kama mfuko umekauka

Anza na mbegu pakiti mbili na gunia. Ukipata kidogo zaidi, ongeza keni ndogo. Jembe na gambuti zinaweza kungoja, au mchange na mabinamu, kila mtu alete kitu kimoja. Hakuna sheria inayosema hampa lazima ijae.

Lakini kuna kitu kimoja hakiuzwi Kamukunji wala Kariokor, nacho ni mikono yako. Siku ya pili baada ya kufika, kabla ya kutafuta nyama choma na mabeshte, vaa nguo kuukuu. Beba mawe, jaza gunia, tengeneza ua. Yeye akae kwa kigoda akuelekeze, akukosoe, akucheke vile unashika jembe. Wazee wengi wameambiwa na watoto wao, "Mathe, wacha shamba, upumzike." Wewe umemwambia kitu tofauti: kwamba yeye bado ni mkulima, na kwamba kuna mtu anataka kujifunza kutoka kwake.

Ukirudi Kanairo na mfuko wa managu kutoka kwa lile gunia siku moja, jua hampa ilifanya kazi.