Maji Mafupi ya Bagamoyo

Anayekwenda Bagamoyo kwa mara ya kwanza huulizia ngome, kanisa na nyumba ya watumwa. Mimi humshauri aanze kwa kuulizia maji: leo yanakupwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi, ni bamvua au maji mafu? Ukisimama mbele ya jengo la zamani la forodha siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, utakuta bahari imeondoka. Mchanga na tope vimeenea mbali, mashua na majahazi yamelala ubavu, na akina mama wanatembea kwa miguu mahali ambapo baada ya saa 6 hivi mtu mzima hatagusa chini. Katika mwambao huu tofauti kati ya kupwa na kujaa siku za bamvua hupita mita 3, na ufuko wa Bagamoyo umelala tambarare, hivyo kila kimo kidogo cha maji hufunika au hufunua eneo kubwa la nchi.

Wavuvi huyaita maji ya namna hii maji mafupi. Kwa chombo cha tanga ni neema. Jahazi huingia na maji yanayojaa, huachwa mchangani yanapotoka, wapagazi hulipakua bila gati wala winchi, fundi hulizunguka na kulikagua tumbo, huziba nyufa kwa kalafati ya pamba na kulipaka mafuta ya sifa, kisha maji yanarudi kulinyanyua. Kazi hiyo unaweza kuitazama leo jirani na soko la samaki, na kwangu mimi ndiyo kumbukumbu hai kuliko jengo lolote mjini. Ukishaielewa, utaelewa pia kwa nini miji ya pwani hii ilizaliwa ilipozaliwa, na kwa nini ilihama.

Anzia Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa Bagamoyo. Hapa kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe, na wanaakiolojia huuweka msikiti wa zamani zaidi katika karne ya 13. Mgeni hushangaa kwanza kwamba bahari haionekani. Mji wa mabaharia wa Kishomvi, waliokula kutoka baharini na kufanya biashara baharini, umezungukwa na minazi, vichaka na mikoko. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick mwaka 1958 ulisaidia kuupa mji huo tarehe zake. Lakini swali la bahari iliyotoweka unaweza kulijibu mwenyewe, ukifuata njia ya kwenda kwenye mikoko.

Angalia mizizi. Mkoko husimama juu ya mizizi kama miguu ya kaa, na mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza kwenye tope kama penseli. Maji yanayojaa huingia humo yakiwa yamebeba udongo laini. Mizizi huyapunguzia kasi, na maji yasiyo na kasi hayawezi kubeba mzigo, kwa hiyo tope hutua. Maji yakitoka, tope hubaki. Msimu baada ya msimu ardhi inapanda, miche mipya inaota mbele zaidi, na ufuko unasogea. Bandari ya maji mafupi ikianza kuvamiwa hivyo, vyombo hukosa njia. Kaole ilifungwa polepole na msitu. Katika karne ya 18 biashara na watu walikuwa wanahamia kaskazini kidogo, kwenye ufuko wazi wa mchanga ambao sasa ni Bagamoyo.

Kabla hujaondoka Kaole, ziangalie kuta kwa jicho la mwashi. Jiwe ni tumbawe. Tumbawe la nchi kavu, gumu na lenye vitundu, lilitumika kujengea ukuta. Lile lililotolewa baharini likiwa bichi ni laini, hukatika kwa shoka dogo, na likikauka hukaza, ndiyo maana mafundi walilichagua kwa kona zilizonyooka na mapambo ya mihrabu. Chokaa nayo ni tumbawe lililochomwa kwenye tanuri la kuni. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mti huo haukupi boriti ndefu sana, vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba, karibu vyote chini ya mita 3 kwa upana. Ukiwa Bagamoyo mjini, pima kwa hatua chumba chochote cha zamani. Utakuta kimetoka kwenye msitu huohuo.

Baadhi ya makaburi ya Kaole yana nguzo, na kwenye nguzo palipachikwa mabakuli ya kaure ya China. Mengi yametolewa au yameibwa, na mashimo yake yamebaki kama macho. Baadhi ya vipande vimehifadhiwa kwenye makumbusho madogo hapohapo. Ukipita Kunduchi ukitokea Dar es Salaam, utayaona makaburi ya aina hiyo yaliyo maarufu zaidi, kati ya mibuyu, na inafaa kusimama hata nusu saa. Kaole lakini ina jambo ambalo Kunduchi haina kwa kiasi hicho: watu bado huja kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa. Ukikuta kitambaa au ubani pale, usiguse, wala usipige picha ya anayeomba. Kwake hapo pana mwenyewe, gofu ni neno letu sisi wageni.

Bagamoyo yenyewe ni mji wa karne ya 19. Unguja iko ng'ambo, upande wa pili wa mlango wa bahari ambao jahazi lenye upepo mzuri huuvuka kwa siku moja. Nyuma ya Bagamoyo ilianza njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, safari ya kilomita zaidi ya 1,000. Pembe za ndovu zilishuka, nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda. Watumwa nao walipita hapa, na hilo halipaswi kupunguzwa uzito. Ninachowalaumu baadhi ya waongozaji watalii ni kuacha nje kundi kubwa lililoujaza mji kila msimu: wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walioingia mkataba, wakadai ujira wao, wakapiga kambi na kucheza ngoma hadi msafara ufuatao. Jina la mji lina maelezo mawili, ya mpagazi aliyebwaga mzigo na moyo wake ukatulia, na ya mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Anayesimuliwa moja tu amenyimwa nusu ya mji.

Anayetaka kumsikia mwenyeji wa enzi ile amtafute Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mna ndoa, ngoma, majumbe, madeni na safari za bara, vilivyoelezwa na mtu aliyevijua nyumbani kwao. Ni aibu kwamba hana hata barabara inayojulikana na wageni, ilhali Stanley, aliyeondoka hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, anatajwa kila kona.

Livingstone mwenyewe alipita Bagamoyo akiwa maiti. Alifariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliukausha mwili, wakaubeba miezi mingi hadi pwani. Februari 1874 ulilazwa usiku mmoja katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, kwenye kanisa la mwaka 1872 ambalo mnara wake bado umesimama. Asubuhi ukapelekwa melini, na Chuma na Susi wakaachwa. Misheni ilianzishwa mwaka 1868, ikajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Nyumba ya masista ni makumbusho, na ni makumbusho mazuri kweli. Ipe saa 2 nzima. Ukitoka, pita chini ya miembe iliyopandwa na wakazi wa kwanza wa misheni hadi kwenye msalaba wa ufukweni, mahali mapadri walipotua.

Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu mwaka 1888, na mwaka huohuo pwani ikawaka vita. Abushiri bin Salim aliongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri upande wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hapa Bagamoyo kuna mnara wa kumbukumbu mahali walipotundikwa waliopinga, na makaburi ya Wajerumani hayako mbali nao. Viangalie vyote viwili siku moja.

Kisha kina cha maji kikaamua tena. Meli za mvuke hazikuweza kusogea ufukweni. Zilitia nanga mbali, na mizigo na abiria wakaletwa kwa mashua, hatua za mwisho kwa mabega ya watu. Dar es Salaam, ambako Sultani Majid alikuwa ameanza kujenga miaka ya 1860, ilikuwa na hori lenye maji marefu na mlango uliokingwa dhidi ya upepo. Mwaka 1891 serikali ikahamia huko. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikaisha. Kinachonigusa ni kwamba Bagamoyo ilikuwa bado inajengwa huku uamuzi umeshapita: forodha mwaka 1895, shule ya ghorofa aliyoitoa tajiri Sewa Haji mwaka 1896 kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome, na Boma mwaka 1897. Sehemu ya Boma iliporomoka kwa mvua kubwa za El Nino miaka 100 baadaye. Tumbawe na chokaa havistahimili paa linalovuja. Ukarabati wa saruji huzidi kuviumiza kwa kuufungia unyevu ndani.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Saadani, ng'ambo ya mto Wami, mbuga pekee ya taifa nchini inayofika hadi Bahari ya Hindi. Kasa wa kijani hutaga Madete, na viboko wako mtoni.

Halafu rudi kupitia Mbegani, karibu na Kaole. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa mfumo na China wa bandari kubwa hapo. Mradi ukasimama mwaka 2019, kisha serikali ya awamu ya sita ikafufua mazungumzo. Meli za leo zinahitaji kina ambacho pwani hii haina, kwa hiyo njia yake itabidi ichimbwe. Kama bandari ya Kaole iliacha nanga, vyungu au mbao za vyombo, vimelala ndani ya tope lililotegwa na mikoko, na tope ni mhifadhi mzuri wa mbao. Ningependa wanaakiolojia wetu washuke humo na mwiko na ndoo, maji yakiwa yamekupwa, kabla mtambo wa kuchimbia haujawasili.