Kwa nini simu za bei chee zilichelewa kupata kufuli la data?

Leo tuelimishane kuhusu kasi ya kusimba data. Kila siku tunaambiwa tulinde data zetu, ila hatuambiwi kwamba ulinzi nao unakula muda wa prosesa. Na muda huo ukiwa mrefu, anayekosa ulinzi ni mwenye simu ya bei chee.

Tuanze na msingi. Kusimba ni kuvuruga data kwa ufunguo, ili asiye na ufunguo aambulie takataka tupu. Njia inayotumika sana duniani inaitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 Marekani ikaifanya kiwango rasmi. Kabla yake ilikuwepo DES ya mwaka 1977, yenye ufunguo wa biti 56 tu. Hiyo ilikwisha habari yake mwaka 1998, pale shirika la EFF lilipojenga mashine iliyoupata ufunguo kwa saa 56, yaani siku mbili na kitu!

AES inakata data vipande vya baiti 16. Kila kipande kinapitishwa mizunguko 10, au 14 kama ufunguo ni wa biti 256. Ndani ya mzunguko baiti zinabadilishwa kwa jedwali, zinasogezwa, zinachanganywa, halafu zinatiwa ufunguo. Sasa piga hesabu: megabaiti 1 ina vipande 65,536. Zidisha mara 10, unapata mizunguko 655,360. Na hapo hata wimbo mmoja haujaisha. Prosesa ikifanya yote hayo kwa programu ya kawaida, lazima ihemee.

Ndiyo maana wahandisi waliihamishia kazi hiyo kwenye chipu yenyewe. Mbinu kubwa ni hizi tatu:

1. Amri maalumu. Mwaka 2008 Intel ilitangaza amri za AES, na prosesa za kwanza zenye amri hizo zikatoka 2010. Amri moja inamaliza mzunguko mzima. ARM, ambao miundo yao ndiyo imejaa kwenye simu, wakaweka za kwao katika ARMv8 iliyotangazwa 2011. Kuna faida nyingine pia. Mwaka 2005 Daniel Bernstein alionyesha kwamba ukipima muda ambao programu ya AES inatumia kusoma majedwali yake kwenye kumbukumbu, unaweza kuupata ufunguo. Amri za kwenye chipu hazisomi majedwali hayo, kwa hiyo mlango huo unafungwa.

2. Mstari wa zege. Mmewaona vijana wa ujenzi wakipokezana ndoo? Chipu inajengewa vituo 10, kila kituo na mzunguko wake. Kipande cha kwanza kikihamia kituo cha pili, kipande kingine kinaingia cha kwanza. Mstari ukishajaa, kila mpigo wa saa ya chipu unatoa kipande kilichokamilika. Ubaya wake ni kwamba vituo 10 vinachukua nafasi kubwa na umeme mwingi.

3. Kutongojana. Mstari hauna maana kama kipande cha pili kinasubiri jibu la cha kwanza. Mtindo uitwao CBC ndivyo ulivyo wakati wa kusimba: mmoja anafanya kazi, tisa wamekaa. Mtindo wa CTR unasimba namba zinazofuatana (1, 2, 3...), halafu matokeo ndiyo yanachanganywa na data. Namba zinajulikana mapema, hivyo hakuna wa kumngoja mwenzake.

Sasa turudi kwenye simu zetu. Mwaka 2014 Google ilitaka simu mpya za Android 5.0 zije zimesimbwa tayari. Nyingine zikawa nzito, sharti likalegezwa. Android 6.0 ya 2015 ikalirudisha, lakini kwa simu zinazoweza kusimba kwa AES zaidi ya megabaiti 50 kwa sekunde. Maana yake nini? Chipu ndogo kama Cortex-A7, ambayo haina amri za AES, iliweza kuachwa nje. Yaani mwenye simu ya bei kubwa akiibiwa, mwizi anaambulia takataka, lakini wewe na mimi picha na meseji zinabaki wazi!

Dawa ilikuja Februari 2019. Google ilitoa njia iitwayo Adiantum, ambayo kazi yake kubwa inafanywa kwa kujumlisha, kuzungusha biti na kulinganisha biti, vitu ambavyo prosesa yoyote inavimudu. Kwenye Cortex-A7 ilikuwa na kasi kama mara tano ya AES. Mwaka huohuo, Android 10 ikalazimisha kila simu mpya inayotoka nayo isimbwe, bila kubagua.

Kwa hiyo wadau, kasi ya kusimba siyo mashindano ya mainjinia tu. Ulinzi ukiwa mzito, unazimwa, na unazimwa kwanza kwa mnyonge. Ukinunua simu ya mtumba, uliza ni Android namba ngapi na ilitoka kiwandani na ipi. Halafu weka namba ya siri, maana kufuli bila namba ya siri ni geresha tu. Wenye kompyuta ya Linux, fungueni faili la /proc/cpuinfo mtafute neno aes. Ukilikuta, chipu yako ina amri hizo.

Haya, uwanja ni wenu. Ya kwako imesemaje? Tupia maoni hapo chini tuendelee kujuzana.