Hodhi Lisilopata Moto: Msamiati na Uchunguzi Kisiwani Rusinga

Makala haya yanadhamiria kufafanua kwa nini hodhi la maji moto katika hoteli ya kitalii kisiwani Rusinga, Homa Bay, laweza kukosa kupata moto.

Uchunguzi huanzia kwenye lugha. Kiswahili hutenga maji baridi, fufutende na moto. Maji yakiwa fufutende, hita haijafa. Lita 1,000 za maji zilizo nyuzi 25 za Selsiasi huhitaji takriban kilowati-saa 15 kufikia nyuzi 38. Kwa hita ya kilowati 3, hizo ni saa 5, na hodhi lisilofunikwa hukawia zaidi, kwani mvuke huondoka na joto.

Yakiwa baridi kabisa, hita imezimika. Kichungi kikizibwa na mchanga au mwani wa Ziwa Viktoria, au hewa ikinaswa bombani, maji hayapiti sawasawa na swichi ya usalama huikata hita. Kichungi kisafishwe, hewa itolewe. Yasipofaulu hayo, umeme ukatwe na aitwe fundi.

Ufufutende nao si wa kupuuzwa: pasipo klorini ya kutosha, bakteria husitawi humo. Kwa hiyo, anayesema tu "hodhi limeharibika" hajamsaidia fundi wala mwogaji.