Ndoo Mbili Jikoni: Jinsi Taka Zinazooza Zinavyogeuka Mbolea, Gesi na Mkaa

Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Kimara, ndoo ya taka katika nyumba nyingi huwa imeanza kujaa. Chini kuna maganda ya viazi ya jana usiku, juu yake ukoko wa ugali, majani ya chai na maganda ya ndizi. Kisha hufuata kifungashio cha plastiki, betri ya tochi iliyokwisha na nepi ya mtoto. Ndani ya ndoo hiyo mna mbolea, mna nishati ya kupikia na mna chakula cha mifugo. Hata hivyo, kwa kuwa vyote vimetumbukizwa pamoja, ni vigumu na ni ghali kukitoa hata kimoja kikiwa kinafaa. Kinachobaki ni mzigo unaosubiri gari.

Zaidi ya nusu ya taka zinazozalishwa katika Jiji la Dar es Salaam ni taka zinazooza: mabaki ya chakula, maganda ya matunda, majani na taka za masokoni. Sehemu kubwa ya uzito wa taka hizo ni maji. Kwa hiyo gari linapotoka Kimara kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, mafuta mengi huchomwa kusafirisha maji na maganda, na gharama hiyo hulipwa na mkazi kupitia ada ya taka. Katika mitaa ya mabondeni ambako gari halifiki kwa urahisi, baadhi ya taka hutupwa makorongoni. Mvua za masika zinapoanza, taka hizo huziba mifereji, na maji yaliyokosa njia huingia majumbani.

Makala haya yanaeleza namna taka zinazooza zinavyoweza kugeuzwa bidhaa, mahali ambapo kazi hiyo imekwisha kufanyika nchini, na hatua moja ambayo bila hiyo teknolojia zote hukwama.

Kinachotokea taka inapooza

Kuoza ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wapo vijidudu wanaohitaji hewa, na wapo wanaofanya kazi mahali pasipo na hewa. Taka ikipata hewa ya kutosha, vijidudu wa kundi la kwanza huila, huitia joto na kuiacha ikiwa mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa msituni. Taka ikikosa hewa, kundi la pili huchukua nafasi na kutoa gesi, ambayo sehemu yake kubwa ni methani.

Methani ndiyo inayoyafanya madampo kuwa hatari. Katika rundo kubwa la taka zilizochanganywa, gesi hiyo hukusanyika chini na inaweza kulisha moto unaofuka kwa muda mrefu. Ikipanda angani, huchangia ongezeko la joto duniani takriban mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa ya uzito uleule, kwa kipimo cha miaka 100. Lakini methani hiyohiyo ikizuiwa ndani ya mtambo uliofungwa vizuri na kupelekwa kwenye jiko kwa bomba, hupika chakula kwa moto wa bluu usio na masizi. Gesi ni ileile. Tofauti ni mahali inapozalishwa na namna inavyodhibitiwa.

Mboji: kazi inayoweza kuanza uani

Utengenezaji wa mboji hauhitaji mtaji mkubwa. Kinachohitajika ni kivuli, nafasi ndogo na uwiano mzuri wa taka mbichi na taka kavu. Taka mbichi, kama vile maganda, mabaki ya mboga na samadi, zina nitrojeni nyingi. Taka kavu, kama vile majani makavu, maranda na maboksi yaliyochanwachanwa, zina kaboni nyingi. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, huwekwa ndoo mbili hivi za taka kavu, kwa matabaka. Rundo likitoa harufu mbaya, huwa limezidiwa na taka mbichi au limekosa hewa; liongezwe taka kavu na kupinduliwa. Likikaa siku nyingi bila kubadilika, huenda limekauka na linahitaji maji.

Kipimo cha unyevu ni kiganja cha mkono. Ukikamua konzi ya mchanganyiko huo, mkono ulowe bila maji kuchuruzika. Rundo lililopangwa vizuri na lenye ukubwa wa kutosha hupanda joto hadi kati ya nyuzi 55 na 65 za Selsiasi, kiwango kinachoua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Likipinduliwa kila baada ya wiki moja au mbili, mboji huwa tayari kwa muda wa takriban miezi mitatu. Nyama, samaki na mafuta ya kupikia visiwekwe kwenye rundo la nyumbani, kwa sababu huvuta panya na nzi.

Kwa kiwango kikubwa, mfano wa karibu upo Mabwepande, katika Manispaa jirani ya Kinondoni. Huko kimejengwa kituo cha kutengeneza mboji kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, ambalo limekuwa na undugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Kituo hicho kilisanifiwa kupokea hadi tani 50 za taka zinazooza kwa siku, na masoko ndiyo chanzo kikuu kilichokusudiwa. Sababu ya kuyalenga masoko inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupita soko la ndizi la Mabibo, maarufu kama Mahakama ya Ndizi: taka zake ni nyingi, ziko mahali pamoja, na karibu zote ni za aina moja.

Bayogesi: moto kutoka kwenye samadi na mabaki

Bayogesi si teknolojia ngeni nchini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kuieneza miaka ya 1970, na baadaye CAMARTEC ya Arusha ikaiendeleza kwa mitambo ya kujengwa chini ya ardhi. Kupitia programu ya kitaifa iliyoanza mwaka 2009, zaidi ya mitambo 10,000 ya kaya ilijengwa katika mikoa mbalimbali.

Mtambo wa kawaida ni tangi la matofali lenye umbo la kuba. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiwango sawa na kuingizwa kupitia mdomo wa mtambo. Gesi hukusanyika juu ya kuba na kutoka kwa bomba hadi jikoni. Tope linalosukumwa nje kwa upande wa pili ni mbolea nzuri ya migomba, mchicha na majani ya malisho. Samadi ya ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa ndani, takriban kilo 20 hadi 30 kwa siku, inaweza kutosheleza sehemu kubwa ya mapishi ya familia.

Wapo wakazi wa Kimara wanaofuga ng'ombe kwa namna hiyo, na kwao samadi huwa kero kwa majirani kabla haijawa mali. Mtambo hupunguza harufu, nzi na gharama ya mkaa kwa pamoja. Kwa familia isiyo na mifugo, mabaki ya jiko moja kwa kawaida hayatoshi kuendesha mtambo. Kwa shule, hosteli na mabanda ya mama lishe yaliyo karibu karibu, hesabu ni tofauti, kwa kuwa mabaki ya chakula hutoa gesi nyingi kuliko samadi ya uzito uleule.

Mambo mawili ni ya kuzingatiwa. Sabuni kali na dawa za kusafishia vyoo zisiingizwe mtamboni, kwa sababu huua vijidudu wanaotengeneza gesi. Pia uvujaji wa bomba usipimwe kamwe kwa kiberiti. Hupimwa kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio na kuangalia mapovu.

Uwezo wa teknolojia hii unavuka jiko la nyumbani. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa bayogesi wa kilowati 150 uliotumia mabaki ya mkonge, uliozinduliwa mwaka 2008. Jani la mkonge hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa miongo mingi sehemu iliyobaki ilitupwa, ikioza na kuchafua mito. Mtambo wa Hale ulionyesha kwamba uchafu huo unaweza kuzalisha umeme. Ulifaulu kwa sababu iliyo rahisi: mabaki ya mkonge hutoka kiwandani yakiwa mabaki ya mkonge tu, bila chupa wala betri ndani yake.

Mkaa mbadala

Dar es Salaam hutumia sehemu kubwa ya mkaa wote unaochomwa nchini, na misitu ya Pwani, Morogoro na mikoa mingine ndiyo inayobeba mzigo huo. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya ambazo bado hazijamudu gesi au umeme kwa mapishi yote, mkaa mbadala hupunguza ukataji wa miti katika kipindi hiki cha mpito.

Malighafi yake imetapakaa mitaani: chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia, vifuu na makumbi ya nazi, pumba za mpunga na vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala. Malighafi ambayo haijawa mkaa huchomwa kwanza ndani ya pipa lenye hewa kidogo hadi igeuke nyeusi bila kuwa majivu. Kisha husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo ili ishikamane, hushindiliwa kwa mashine ya mkono au ya umeme, na kuanikwa hadi ikauke kabisa. Mkaa huo huchelewa kidogo kushika moto, lakini hudumu, na hivyo hufaa kwa maharage, makande na supu.

Tahadhari ya mkaa wa kawaida inahusu pia mkaa mbadala: jiko linalowaka lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, hasa wakati wa kulala. Hewa ya sumu inayotokana nalo haina harufu na huua.

Hatua moja inayoamua yote

Mboji, bayogesi na mkaa mbadala vina sharti moja la pamoja: malighafi iwe safi. Mboji yenye vipande vya chupa hukata mikono ya mkulima, na iliyooza pamoja na betri inaweza kuingiza metali zenye sumu kwenye mboga. Mtambo uliolishwa plastiki huziba. Kituo kinachopokea taka zilizochanganywa hulazimika kuajiri watu wengi wa kuchambua uchafu uliokwisha kuoza, kazi ngumu na yenye hatari kwa afya, na hata hivyo bidhaa haitoki safi.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyozipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu, inaelekeza pia taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Utekelezaji wake nyumbani ni rahisi kuliko maneno yake. Ndoo moja ni ya vinavyooza, na iwe na mfuniko na matobo machache ya kupitisha hewa. Ndoo ya pili ni ya plastiki, vyuma, chupa na karatasi, vitu ambavyo wanunuzi wa chakavu huvipokea vikiwa vikavu. Nepi na taulo za kike zifungwe peke yake. Betri, balbu na dawa zilizokwisha muda zisiingizwe kwenye ndoo yoyote kati ya hizo mbili.

Lipo pingamizi la haki ambalo wakazi hulitoa: kuna faida gani kutenganisha ikiwa gari litakuja na kuchanganya tena? Jibu ni kwamba taka inayooza iliyotengwa haina ulazima wa kulisubiri gari. Inaweza kuwa mboji uani kwa jirani mwenye bustani, au chakula cha funza wa nzi mweusi, ambao baadhi ya wafugaji huwakuza kwa ajili ya kuku na samaki. Aidha, mtaa wenye taka zilizotengwa ndio wenye kitu cha kujadiliana na mzabuni wa taka au na kikundi kinachotafuta malighafi.

Kwa vikundi vinavyokusudia kuifanya kazi hii kuwa biashara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wa kusajili kikundi na kuomba mkopo hutolewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ushauri kuhusu mahali salama pa kuweka rundo la mboji au mtambo, mbali na kisima na bila kumkera jirani, hutolewa na afisa afya wa kata.

Ganda la ndizi linapodondoka kutoka mkononi bado ni mali. Linaendelea kuwa mali kwa saa chache, hadi pale linapokutana na betri ndani ya ndoo moja. Saa hizo chache haziko mikononi mwa kiwanda wala mzabuni. Ziko jikoni, kwa yule anayemenya.