Jua la Saa Nne Usiku: Kiangazi cha Jamaa za Bukavu Waishio Ubelgiji

Nyumba nyingi za Bukavu, tangu Ibanda hata Kadutu na Bagira, zina ndugu ng'ambo. Huyu ana kaka Brussels, yule ana binti Liège, mwingine ana shangazi Namur. Kila mwaka, ifikapo miezi ya Julai na Agosti, picha humiminika katika simu: watoto wanachimba mchanga, baba amevaa kofia ya majani, mama anacheka kando ya bahari. Walio nyumbani huzitazama, wengine kwa furaha, wengine kwa kijicho kidogo, wakisema: «Wenzetu wamekwisha kuingia peponi.»

Je, raha hizo za kiangazi cha Ulaya ni za namna gani? Zapatikana kwa gharama gani? Na katika hizo zote, ni ipi itakayomfaa mtoto hata atakapokuwa mtu mzima? Hayo ndiyo tunayotaka kuyatazama leo, kwa faida ya walio kule na ya walio huku.

Mchana usiotaka kwisha

Kwetu kiangazi ni wakati wa vumbi. Mvua hukatika mwezi wa Juni, ukungu mkavu hutanda juu ya ziwa Kivu, vilima vya ng'ambo vikafifia machoni, na akina mama huteka maji mbali kuliko desturi. Miezi hiyo hiyo ndiyo kiangazi cha Ulaya; lakini kule watu hawakingojei kwa hofu, hukingojea kama mgeni mpenzi.

Sababu si ngumu kuifahamu. Mwezi wa Desemba, mjini Brussels, jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi, nalo hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtoto huenda shule gizani, na siku za masomo marefu hurudi gizani. Lakini karibu na tarehe 21 Juni mambo hugeuka: jua huchomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri, likatua yapata saa nne usiku.

Yafikirini maneno hayo: jua linang'aa, na saa ni nne za usiku! Sisi Waswahili twahesabu saa kwa jua. Linapochomoza twaanza hesabu ya mchana, linapotua twaanza ya usiku. Na pale Bukavu, karibu na mstari wa ikweta, hesabu hiyo haitudanganyi mwaka mzima. Ulaya yaivuruga kabisa. Mama humwambia mtoto, «Ni saa tatu ya usiku, ingia ulale,» naye mtoto humwonyesha jua juu ya mapaa ya nyumba. Nani mwenye haki?

Basi raha ya kwanza ya kiangazi hainunuliwi: ni mwanga. Baba arudipo kazini saa kumi na mbili jioni, bado ana saa nne za mchana mkononi. Watoto wacheza mpira katika bustani za watu wote, wazee huketi barazani, na majirani wasiosalimiana wakati wa baridi huanza kuamkiana.

Lakini joto lina ukali wake pia. Tarehe 25 Julai 2019 lilipita nyuzi 39 mjini Brussels, kiasi ambacho mtu wa Bukavu, aliyezoea hewa ya mji ulio juu ya mita 1,400, hakukijua kwao. Nyumba nyingi za kule zilijengwa ili kuhifadhi joto, si kulifukuza. Siku kama hizo wazee na watoto wachanga wanyweshwe maji mara kwa mara, mapazia yafungwe mchana, na madirisha yafunguliwe usiku.

Siku ishirini za likizo

Aliye nyumbani hudhani kwamba mtu wa Ulaya hupumzika kiangazi chote. Sivyo. Mwajiriwa wa Ubelgiji afanyaye kazi siku tano kwa juma hupata siku 20 za likizo kwa mwaka, nazo kwa kawaida huhesabiwa kwa kazi aliyoifanya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo aliyeanza kazi karibuni huwa na siku chache. Lakini watoto wana likizo ndefu. Shule za Kiflemi hufungwa Julai na Agosti zote. Shule za Kifaransa, tangu kalenda yao ilipobadilishwa mwaka 2022, hufungwa majuma saba hivi.

Hapo pana shida halisi. Wako wazazi wetu waliomo katika kazi zisizojua kiangazi: hospitali, nyumba za wazee, usafi wa maofisi, magari ya abiria. Mama arudipo kutoka zamu ya usiku, mtoto ndiyo kwanza aamka. Mitaa mingi huwa na vituo vya michezo vya kiangazi, ambako watoto hukaa mchana pamoja na walezi kwa ada ndogo. Ni jambo jema; wazazi wajiandikishe mapema, maana nafasi huisha upesi.

Tena kuna habari ya fedha. Mwezi wa Mei au Juni mfanyakazi hupewa fedha ya likizo juu ya mshahara wake. Kabla haijamfikia mkononi, imekwisha kuitwa na watu watatu. Wa kwanza ni ndugu wa Bukavu, maana Septemba yaja na karo ya shule. Wa pili ni tikiti za ndege za kwenda kuwaona wazazi. Wa tatu ni watoto, wanaotaka kuiona bahari kama wenzao wa darasani.

Nani asikilizwe? Hatuwezi kuamua katika nyumba ya mtu. Lakini twasema hivi: baba na mama wakae mezani, wahesabu pamoja, wala wasiwafiche watoto wakubwa hesabu hiyo. Mtoto ajuaye kwamba nusu ya fedha imemlipia binamu yake shule hataona uchungu akienda baharini siku moja badala ya juma zima. Lakini mtoto anyimwaye bila kuelezwa huanza kuwachukia ndugu asiowajua.

Siku moja baharini

Na siku moja yatosha kuwa kubwa. Gari la moshi latoka Brussels hata Ostend kwa muda wa saa moja na robo hivi. Kutoka hapo mtu aweza kupanda tramu ya pwani, iendayo kilomita 67 kutoka De Panne hata Knokke, karibu pwani yote ya nchi. Jamaa mwenye busara hubeba kapu lake: kuku wa kukaanga, makemba, mayai, mandazi, na maji ya kutosha, maana bei za mikahawa ya pwani zaweza kuila fedha ya juma katika mlo mmoja.

Mwana wa Bukavu ajua maji, lakini bahari humshangaza. Kwanza ni chumvi. Pili ni baridi: hata mwezi wa Agosti maji ya Bahari ya Kaskazini hayazidi sana nyuzi 20. Tatu, bahari yatembea. Ziwa Kivu hukaa mahali pake asubuhi na jioni. Bahari hupwa ikaacha uwanja mpana wa mchanga, kisha hujaa tena, mara mbili kwa siku. Watoto hujenga ngome za mchanga, wakasimama ndani yake kungojea maji yaje kuzibomoa.

Hapa twatoa onyo. Kuzaliwa kando ya ziwa si kujua kuogelea. Tazameni bendera za walinzi: ya kijani, waogeleaji waruhusiwa, ya manjano, pana hatari, nyekundu, ni marufuku kabisa. Mahali pasipo walinzi msiingie, hata kama maji yanaonekana matulivu.

Kuna mchezo mmoja wa pwani ya Ubelgiji ambao watoto wetu waupenda upesi. Watoto hutengeneza maua ya karatasi za rangi, wakayapanga juu ya kibanda cha mchanga kama dukani, wakayauza. Fedha ya soko hilo ni makombe ya baharini. Mzazi aweza kuwaambia wanawe kwamba katika ufalme wa kale wa Kongo watu wazima nao walinunua na kuuza kwa simbi, na simbi hizo ziliitwa nzimbu. Mtoto atacheka, lakini hatalisahau jambo hilo.

Kadhalika huko Oostduinkerke wako wavuvi wachache waingiao majini juu ya farasi wakubwa, wakikokota nyavu za kamba. Desturi yao iliandikwa na UNESCO mwaka 2013 katika urithi wa wanadamu. Baba wa Bukavu akiwatazama asinyamaze! Awasimulie wanawe habari za wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka usiku juu ya ziwa, na nyimbo za wapiga makasia zikisikika hata ufukoni. Mgeni hujionea mengi. Aliye na kwao ana cha kulinganisha.

Raha za karibu

Siyo lazima kwenda mbali. Msitu wa Soignes waanzia ukingoni mwa Brussels, na kivuli chake ni cha bure. Katika nchi ya Wallonie reli nyingi za zamani zimegeuzwa kuwa njia za baiskeli na za miguu, ziitwazo RAVeL, zisizopitwa na magari. Mtoto aweza kujifunza baiskeli humo bila mama kushika moyo. Mwezi wa Agosti matunda meusi ya mwituni huiva kandokando ya njia, na mikono ya watoto hurudi nyumbani na rangi ya wino.

Jumamosi huwa siku ya Matonge. Mtaa huo wa Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, una maduka yauzayo sombe, makemba, unga wa muhogo na samaki wakavu. Karibu yake pana uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018, siku ile ya kukumbuka uhuru wa Kongo. Kiangazi ndiyo majira ya arusi na ya kutoa mahari, ndugu wakija kutoka Paris na Köln. Na kuhudhuria arusi ya jamaa ni likizo pia, tena yenye mafunzo. Mtoto huona nani huketi mbele, nani husema kwanza, na mkubwa huamkiwaje.

Makaburi saba ya Tervuren

Kuna matembezi mengine ambayo kila jamaa ingefaa iyafanye mara moja: kwenda Tervuren, kandokando ya Brussels. Bustani yake ni kubwa, ina maziwa na miti mirefu, na watu hutandika nguo majanini wakala. Lakini mahali hapo pana habari nzito.

Kiangazi cha mwaka 1897 Wakongomani 267 waliletwa Ubelgiji kwa maonyesho makubwa. Mchana waliwekwa katika vijiji vya bandia kando ya maziwa hayo, watu wakaja kwa maelfu kuwatazama. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba wao walikufa, wala hawakuiona nchi yao tena: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako hata leo kando ya kanisa la Tervuren. Jumba la makumbusho la pale, lililofunguliwa mwaka 1910, lilifungwa kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018.

Kwa nini twaitaja huzuni hii kati ya raha? Kwa sababu mtoto wa Kikongo achezaye leo majanini pale, na chakula chake kapuni, na mama yake karibu, yafaa ajue kwamba si wa kwanza kufika. Na ayasome majina yale saba kwa sauti. Kufanya hivyo hakuharibu likizo. Humfundisha kuijua thamani yake.

Lugha haina likizo

Sasa tumefika penye neno letu kuu. Miezi kumi ya mwaka mtoto ni wa shule. Huota kwa Kifaransa au Kiflemi, hupigana kwa lugha hiyo, husali kwa lugha hiyo. Kiswahili na Mashi hubaki maneno ya jikoni: njoo, kula, nyamaza. Kisha siku moja nyanya hupiga simu kutoka Bukavu, na mjukuu husema «Jambo, nyanya,» halafu humrudishia mama simu, kwa sababu maneno yamekwisha. Hapo nyanya hulia, wala halilii deni wala zawadi.

Tangu Februari 2025, mji wa Bukavu uliposhikwa na M23, safari ya nyumbani, iliyokuwa nzito kwa bei, imepata uzito mwingine. Jamaa waliokusudia kuwapeleka watoto kwa wazee imewapasa kufikiri mara mbili. Basi ikiwa mtoto hawezi kwenda kwa nyanya, nyanya na aende kwa mtoto, kwa njia ya sauti.

Na kiangazi chatusaidia kwa jambo ambalo wengi hawalitambui. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hata ile ya mwisho ya Oktoba, saa ya Brussels na saa ya Bukavu ni moja. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Chagueni saa moja ya usiku, kila siku ya likizo. Bukavu giza limeingia, taa imewashwa kama umeme upo. Brussels jua bado li juu. Mtoto na amweleze nyanya aliyoyaona: bahari iliyokimbia, farasi wavuvi, maua yaliyonunuliwa kwa makombe. Akikosa neno, nyanya atampa. Majuma saba ya namna hiyo yaweza kufanya kazi kubwa kuliko vitabu vingi. Samaki mkunje angali mbichi.

Nanyi mlio nyumbani, mpigiwapo simu, msianze na orodha ya haja. Haja zenu ni za kweli, nazo zina wakati wake. Kwanza mwulizeni mtoto: «Huko kwenu saa ngapi?» Akijibu kwa Kiswahili, «Ni saa moja ya usiku, nyanya, lakini jua bado linawaka,» mjue kwamba amekwisha kuanza kuhesabu saa kama mtu wa kwenu.