Vidonge vya Mitambo na Tumbo la Msafiri

Utangulizi

Waswahili husema, msafiri kafiri. Methali hii hufasiriwa kwa namna nyingi, na mojawapo ni kwamba aliye safarini hustahili kuhurumiwa, kwani hula asichokizoea, hulala asipopazoea na huona haya kuuliza maliwato yaliko. Miongoni mwa taabu za msafiri kuna moja itajwayo kwa nadra sana, nayo ni tumbo kukataa kufanya kazi yake ya kila siku. Kuna wafungao choo kwa siku tatu au nne, na kuna waharishao hata wakaishiwa na nguvu. Makala haya yanadhamiria kueleza vyanzo vya taabu hiyo, kufafanua vidonge vyenye mitambo ambavyo wanasayansi wamevibuni kwa ajili ya matumbo, na kubainisha mipaka ya vidonge hivyo. Mfano wetu mkuu ni mkaazi wa Gatongora, mojawapo ya wadi za eneobunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu.

Kwa nini safari huvuruga tumbo?

Utumbo mpana una saa yake. Misuli yake hujikaza kwa nguvu zaidi mtu aamkapo asubuhi na baada ya kula. Mkaazi wa Gatongora apandaye basi la usiku kwenda Mombasa hupambazukiwa kitini, wakati hasa ambapo utumbo wake umekuwa tayari. Naye hujizuia. Kinyesi kinapokawia ndani, utumbo mpana huendelea kufyonza maji yaliyomo, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyokuwa kigumu kutoka. Aidha, wasafiri wengi hupunguza kunywa maji ili wasije wakalazimika kumwomba dereva asimame. Kukaa kitako kwa saa nyingi nako huufanya utumbo uzembee.

Chakula kina mchango wake. Nyumbani, msafiri huyu huenda alizoea githeri, njahi, nduma na sukuma wiki, vyakula vyenye nyuzinyuzi kwa wingi. Njiani hula chipsi, mkate mweupe na soda. Tumbo lililozoea mzigo mzito hupewa mwepesi ghafla, likalala.

Safari ya ndege huongeza tatizo la majira. Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mnamo Oktoba 2018. Safari hiyo huchukua takriban saa 15, na saa za miji hiyo miwili hutofautiana kwa saa saba au nane kulingana na msimu. Abiria anapofika, tumbo lake bado lafuata majira ya Kiambu: huamka usiku wa manane na kulala wakati wa chakula cha jioni.

Mitambo imezwayo

Wazo la kumeza chombo cha kielektroniki si geni. Mnamo 1957, Stuart Mackay na Bertil Jacobson walieleza kidonge chenye redio ndogo kilichoweza kupeleka habari za ndani ya tumbo kwa kipokezi kilicho nje. Baadaye, mhandisi Gavriel Iddan wa Israeli na wenzake walibuni kidonge chenye kamera, ambacho kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2001. Kilikuwa na urefu wa milimita 26 na upana wa milimita 11. Kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kuuona utumbo mwembamba wote bila kumpasua mgonjwa. Mwaka wa 2006 kiliidhinishwa kidonge kingine, kilichopima asidi, joto na shinikizo la ndani, na hivyo kuonyesha chakula kinakawia wapi.

Vidonge hivyo vilikuwa wapelelezi: vilitazama na kupima, havikutibu. Mabadiliko makubwa yalikuja Agosti 2022, pale Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoidhinisha kidonge kiitwacho Vibrant. Ndani yake hamna dawa yoyote. Mna betri na mota ndogo. Mgonjwa hukiamsha katika kifaa maalumu, hukimeza kwa maji, nacho husafiri mpaka kwenye utumbo mpana. Huko hutikisika kwa vipindi vilivyopangwa, kikiuchochea ukuta wa utumbo ujikaze. Kazi ikiisha hutoka pamoja na choo.

Je, kinafaa? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 uliwahusisha watu 312 kwa muda wa majuma manane. Baadhi yao walipewa kidonge kitikisikacho na wengine kidonge cha kuigiza kisichotikisika. Takriban asilimia 39 ya kundi la kwanza walipata angalau haja moja kamili zaidi kwa juma, ikilinganishwa na asilimia 22 ya kundi la pili. Manufaa yapo, ila si muujiza: wengi wa waliokimeza hawakufikia kiwango hicho, na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alifikia bila mtikisiko wowote.

Mipaka yake

Kwanza, Vibrant kiliidhinishwa kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kufunga choo ambao walikuwa wametumia dawa za kulainisha choo kwa angalau mwezi mmoja bila nafuu. Hakikukusudiwa msafiri aliyekawia siku tatu. Kwa huyo, maji ya kutosha, matunda kama papai, kutembea kidogo na kuitikia wito wa haja mara tu unapokuja ni tiba iliyo karibu zaidi. Pili, mtu ambaye utumbo wake umeziba au una sehemu iliyobana anaweza kukwamiwa na kidonge cha namna hii. Tatu, aliye na mtambo tumboni hapaswi kuingizwa katika kipimo cha MRI, kwa kuwa sumaku yake ni kali.

La nne ndilo zito zaidi. Kidonge kitikisikacho hakimfai anayeharisha. Kaunti ya Kiambu inalijua hilo vyema, kwani mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Kenya mnamo Oktoba 2022 ulihusishwa na arusi iliyofanyika Limuru. Wageni walirudi makwao katika kaunti mbalimbali, nao ugonjwa ukafuatana nao. Anayeharisha njiani anahitaji maji na chumvi kabla ya jambo lolote lingine: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vyote vikipimwa kwa kusawazisha, kisha aharakishe kwenda hospitalini.

Suala la lugha

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Utamaduni wetu umeyafunika mambo ya tumbo kwa tafsida: mtu huenda haja, hujisaidia, huenda msalani, na katika mabasi ya masafa marefu abiria huomba kushuka wakachimbe dawa. Tafsida hizi zina adabu yake na hazistahili kubezwa. Hata hivyo, mgonjwa amwambiapo daktari kuwa “tumbo linanisumbua” pekee, amesema nusu ya neno. Kufunga choo na kuhara ni hali mbili zinazopingana, na tiba ya moja yaweza kuwa madhara kwa nyingine. Lugha ina msamiati wa kutosha kuzitenganisha: kufunga choo au uyabisi wa tumbo kwa upande mmoja, kuhara au kuendesha kwa upande wa pili, kusokotwa na kujaa gesi vikiwa hali nyingine tena. Vivyo hivyo, mitambo hii mipya yahitaji majina yaeleweke bila mkalimani. “Kidonge kamera” na “kidonge kitetemeshi” ni mapendekezo yanayoweza kujadiliwa na wanaisimu na wauguzi kwa pamoja.

Hitimisho

Imebainika kwamba kidonge chenye mtambo ni hatua kubwa katika tiba ya matumbo, lakini hakiondoi wajibu wa msafiri kunywa maji, kula vyema na kusema wazi linalomsibu. Mficha uchi hazai. Abiria wa Gatongora atakayeona haya kumwambia kondakta asimamishe gari, au kumweleza muuguzi kama anahara au amefunga choo, hataokolewa na mtambo wowote, hata ukiwa mdogo wa kumezeka.