Tetanosi ya Mtoto Mchanga

Mtoto amezaliwa mzima, ananyonya vizuri. Yapata siku ya 7 kinywa kinakazana, hawezi kunyonya, mwili unakakamaa. Watu husema, "Amerogwa." Sivyo. Ni mikrobe ya tetanosi.

Mikrobe hii hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa udongo. Yenyewe hubaki kitovuni. Sumu yake ndiyo hufuata mishipa ya fahamu na kukaza mwili.

Mama, ukiwa na mimba upate sindano za tetanosi. Kinga yako itapita katika damu kumfikia mtoto. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya. Kinywa kikikazana, mlete hospitalini siku ile ile. Mtoto ni zawadi ya Mungu; tumpokee kwa mikono safi.